Muda wa Hisani

Duka liliuza vitu vya mlangoni: vitasa, bawaba, komeo, kufuli, skrubu za kila urefu. Mwenye duka aliitwa Mzee Bawaba, na asiyemjua alidhani jina limetokana na biashara. Waliomzoea walijua limetokana na sauti. Asubuhi, kabla koo halijapata chai, Mzee alipofungua kinywa alilia kama mlango usiotiwa mafuta.

Mhasibu wake alikuwa amefanya kazi pale tangu hajaoa. Meza zao zilitazamana katika chumba cha nyuma, katikati pakiwa na kabati la chuma na chupa ya chai. Kila siku saa nne Mzee alimimina vikombe viwili kwa mkono wake, akaviweka juu ya kabati, na kazi ikasimama. Hapo walibishana kuhusu lolote: mvua, bei ya shaba, kama mtu mrefu huzeeka haraka kuliko mfupi. Mke wa Mzee alikuwa ameshafariki. Watoto wake wa kiume wawili walikuwa nchi za nje, kila mmoja na nchi yake. Mhasibu hakuwahi kuwaza sana juu ya hilo, maana alikuwa na lake la kuwaza.

Lake lilikuwa hili. Mkewe alikuwa muuguzi, na binti yao alikuwa hajaacha ziwa mkewe alipohamishiwa hospitali ya mji mdogo, mwendo wa siku nzima. Wakubwa wake walisema ni kwa muda tu. Muda ule ukaota mizizi. Mhasibu alitafuta kazi kule akakosa. Mji ulikuwa na hospitali, shule, kituo cha mafuta, na maduka ambayo wenyewe walipiga hesabu kichwani na hawakuona sababu ya kumlipa mtu azipige kwenye karatasi. Basi akawa anakwenda wakati wa likizo, na siku nyingine zote akawa baba wa jioni, kwa simu.

Binti yao walimwita Kipusa. Mhasibu alimwona akiota meno kupitia kioo cha simu. Alimwona akisimama, akianguka, akisimama tena. Lakini mara nyingi hakuona kitu, kwa sababu Kipusa alikuwa na tabia ya kuilaza simu kitandani na kuendelea na mchezo wake, huku akizungumza. Mhasibu alifika mahali akaifahamu dari ya chumba kile kuliko alivyoufahamu uso wa mwanawe. Alijua penye doa la maji. Alijua buibui amehamia kona ipi.

Wakati Kipusa anakaribia miaka mitano, seva ya duka, kompyuta kuu iliyotunza hesabu zote, ikazeeka. Ilikuwa sanduku jeusi chini ya meza ya Mhasibu, na feni yake ilikuwa inanguruma kiasi kwamba wateja waliuliza kama kuna mashine ya kusaga. Mzee akamwita Fundi wa kompyuta, mama mmoja mwenye maneno machache, ambaye alichomeka bisibisi kwenye kifundo cha nywele kama wengine wanavyochomeka kalamu sikioni. Fundi akalifungua sanduku, akapuliza vumbi, akalifunga.

“Hii ni ya kuaga, Mzee,” akasema. “Tununue nyingine na programu yake mpya. Lakini kuna suala la leseni.”

“Leseni ya nini tena? Nina leseni ya biashara ukutani pale.”

“Leseni za kuingia kwa rimoti. Watu wako wa ghalani wanaingia kwenye seva hii kwa mbali, si ndiyo?”

Ni kweli. Ghala lilikuwa ng'ambo ya barabara, na vijana wa kule walifungua seva ya dukani kwenye kompyuta zao kana kwamba wameketi mbele yake. Fundi akaeleza kwamba leseni walizokuwa nazo zilikuwa za programu ya zamani. Seva mpya haitazikubali. Itabidi wanunue nyingine, na wachague aina.

“Kuna leseni ya mtu na leseni ya mashine,” akasema. “Ya mashine inakaa na kompyuta moja, anayekuja kuitumia, awe yeyote, anaingia. Ya mtu inamfuata mtu. Awe ghalani, nyumbani, safarini, anaingia kwa jina lake.”

“Kama kiti na koti,” akasema Mzee. “Kiti ni cha anayekalia, koti ni la mwenyewe.”

“Haswa. Na si lazima uamue leo. Seva mpya inatoa muda wa hisani, kama miezi minne hivi. Katika muda huo kila mtu anaingia, leseni au hakuna. Ukikatika, mlango unafungwa.”

Mhasibu alikuwa ameinama juu ya mafaili yake. Neno moja likamwingia na halikutoka: safarini. Alilala nalo, akaamka nalo. Siku ya pili, saa nne, kikombe kikiwa mkononi, akasema:

“Mzee, nataka kukuomba jambo. Seva mpya ikishawekwa, niende kwa mama Kipusa, nifanyie kazi kule. Muda huu wa hisani tu. Nitaingia kila asubuhi kama kawaida. Hutaona tofauti.”

Mzee akakiweka kikombe chini.

“Fimbo ya mbali haiui nyoka.”

“Mimi siui nyoka, Mzee. Napiga hesabu.”

Mzee akacheka, na kicheko kikampokonya jibu alilotaka kulitoa. Akageukia dirisha, akatazama barabara kwa muda.

“Miezi minne,” akasema mwishowe. “Mtoto ana haki yake. Nenda.”

*

Mhasibu alifika kwenye nyumba za wauguzi mchana, na mabegi mawili na kompyuta ya kupakata. Mkewe alimpokea kwa kicheko ambacho katikati kiligeuka kuwa kitu kingine, akauficha uso begani mwake. Kipusa alisimama nyuma ya mlango wa chumba, jicho moja nje.

“Njoo umsalimie baba,” mama akamwita.

Jicho likamkagua Mhasibu toka viatu hadi kichwa.

“Huyu siye,” Kipusa akasema, akafunga mlango.

Likizo iliyopita baba alipokuja, Kipusa alikuwa mdogo zaidi, na tangu hapo mambo yalikuwa yamepangika kichwani mwake. Baba alikuwa na upana wa kiganja, na alikaa ndani ya simu. Mtu huyu alijaza kiti kizima.

“Mpe nafasi, Baba Kipusa,” mkewe akanong'ona. “Usimkimbilie.”

Mhasibu akaketi. Akasikia mlango ukifunguka kidogo, mkono mdogo ukanyooshwa mezani, simu ya mama ikatoweka. Punde simu yake mwenyewe ikaita mfukoni. Akamtazama mkewe, mkewe akaziba mdomo kwa kiganja. Mhasibu akanyanyuka, akatoka kimyakimya kwa mlango wa uani, akasimama kando ya tangi la maji.

“Haloo?”

“Baba,” ikasema sauti ya chini, ya siri. “Kuna mtu amekuja.”

“Mtu gani?”

“Mwanamume. Ana mabegi. Amekaa kwenye kiti cha mama.”

“Anakusumbua?”

Kipusa akafikiri kwa haki. “Hapana. Ila ana jasho.”

“Labda ametoka mbali. Mpelekee maji.”

“Na akinywa, ataondoka?”

Mhasibu akalishika tangi. “Akinywa, muulize mwenyewe.”

Alirudi ndani akaketi palepale. Kipusa akaja na kikombe cha plastiki kwa mikono miwili, maji yakimwagika njiani, akakiweka chini mbali na mgeni kadiri mkono wake ulivyoweza, akarudi nyuma.

“Ahsante,” akasema Mhasibu.

Mtoto akashtuka. Akamtazama mdomo. Sauti alikuwa anaijua.

Siku zilizofuata Mhasibu hakufanya haraka. Jioni alimpigia simu kutoka uani, akazungumza naye kama ilivyokuwa ada: umekula nini, nani amekuudhi, buibui yuko wapi. Siku nyingine alipiga akiwa amesimama kwenye kizingiti cha jikoni, mgongo wake ukionekana. Kisha akapiga akiwa ameketi kwenye ncha ya kitanda, simu sikioni, amegeukia ukuta. Kipusa alikuwa upande wa pili na simu ya mama, naye amegeukia ukuta wake. Wakawa wanazungumza hivyo, sauti ya kila mmoja ikimfikia mwenzake mara mbili, kwa hewa na kwa simu.

“Baba, naisikia sauti yako huku pia,” Kipusa akasema.

“Huku wapi?”

“Huku nyuma.”

Godoro likabonyea. Akahisi mgongo mdogo, wenye joto, ukiegemea wake. Hakugeuka. Aliendelea kuongea kwenye simu mpaka maneno yakamwishia, na hata yalipoisha aliendelea kuishika sikioni, kwa sababu aliogopa kuwa mkono wake ukishuka, na joto lile litaondoka.

Halikuondoka. Kabla mwezi haujaisha Kipusa alikuwa anamkagua baba yake kama bidhaa mpya dukani. Alimvuta masikio. Alimnyoosha vidole kimoja kimoja. Aligundua kovu kidevuni ambalo simu haikuwahi kulionyesha, akadai maelezo, na alipoyapata akayadai tena kesho yake. Mama akitoka zamu asubuhi, macho mekundu, aliwakuta mezani: mmoja na kompyuta, mwingine na kipande cha kadibodi alichokichorea vitufe vya herufi, wote wawili wakibofya kwa uso wa kazi. Alikuwa anasimama pale mlangoni bado amevaa sare, bila kuvua viatu, akiwatazama. Siku moja Mhasibu akamuuliza, “Kulikoni, Mama Kipusa?” Akajibu, “Hakuna. Nahesabu watu wa nyumba yangu,” akaenda kulala.

Kazi ilikwenda vizuri. Kila asubuhi Mhasibu aliandika jina lake na neno la siri, na skrini ya seva ikafunguka mbele yake kama vile chumba cha nyuma cha duka kimekuja na kuketi juu ya meza ya jikoni. Ankara, mishahara, orodha ya mali, vyote vilikuwa mahali pake. Na kila siku, saa nne, Mzee alipiga simu.

“Zile kufuli za shaba, zimebaki?”

“Zimebaki nyingi, Mzee. Kuna lingine?”

“Hapana. Nilitaka kujua tu.”

“Haya.”

Siku nyingine aliuliza kuhusu skrubu. Siku nyingine aliuliza kama huko kunanyesha. Mhasibu alijibu upesi, maana Kipusa alikuwa anamvuta shati, na saa nne ndiyo saa waliyokwenda kuwatazama bata wa jirani. Alifikiri: Mzee anazeeka; kufuli ziko rafu ya mbele yake, hata kuinua macho hawezi?

*

Asubuhi moja aliandika jina lake na neno la siri, na skrini haikufunguka. Likatokea tangazo fupi: hakuna leseni, muunganisho umekatwa. Akajaribu tena. Akazima, akawasha, akajaribu tena, kama mtu anayebonyeza swichi huku anajua umeme umekatika mtaa mzima.

Akampigia Fundi.

“Muda wa hisani umekwisha,” Fundi akasema. “Hata ghalani hawaingii. Vijana wanavuka barabara na makaratasi mkononi kama zamani.”

“Mzee hakununua leseni?”

“Hakununua.”

“Alisahau?”

“Nilimkumbusha zaidi ya mara moja. Alisema tusubiri.”

“Dada yangu, nisaidie. Wewe mwenyewe unaingia kwa mbali kuitengeneza. Nipe mlango huo, hata kwa wiki hii tu. Nafunga hesabu za mwezi.”

“Ule ni mlango wa fundi, si wa kazi. Nikikupitisha humo nitakuwa nimevunja masharti, na likitokea la kutokea, ni jina langu. Samahani sana, kaka. Zungumza na Mzee.”

Akazungumza na Mzee. Mzee hakueleza mengi. “Mashine zimegoma,” akasema. “Njoo.”

Mkewe alikunja nguo zake kwenye begi moja tu. Lile lingine alilirudisha kabatini likiwa na shati la mumewe ndani, na hakuna aliyesema neno juu yake.

“Ukifika, usimfokee Mzee,” akamwambia. “Alikupa miezi minne ambayo wengine wasingetupa.”

“Na sasa ameichukua.”

“Nenda ujue kwa nini. Mtu haachi mlango wake ufungike bure.”

Kipusa alikuwa amekaa juu ya begi. Hakulia. Alikuwa anajaribu kuelewa mpango.

“Unarudi kwenye simu?” akauliza.

Mhasibu alikuwa amejiandaa kwa machozi, kwa kushikwa mguu, kwa kila kitu isipokuwa swali hilo. Akachuchumaa.

“Kidogo tu.”

“Humo ndani kuna nafasi ya mimi?”

Akamkumbatia ili asione uso wake. Akatoka, akatembea haraka hadi barabarani, na hakugeuka, kwa kuwa alijua Kipusa amesimama pale kizingitini, na alijua urefu wake sasa: kichwa kinafika penye kitasa.

*

Alipoingia chumba cha nyuma, hasira aliyoibeba njia nzima ilikuwa mbichi bado. Lakini chumba kilimpokea vibaya, yaani vizuri. Meza yake ilikuwa imefutwa vumbi. Kalamu zake zilikuwa zimechongwa zote, hata zile ambazo hakuwahi kuzitumia. Chai ilikuwa tayari juu ya kabati, vikombe viwili, na haikuwa bado saa nne.

“Karibu, mwanangu,” Mzee akasema. “Umekonda. Hawakulishi?”

“Mzee, Fundi amesema alikukumbusha.”

Mzee akaishika chupa ya chai, akaitikisa kana kwamba anapima kilichomo.

“Alinikumbusha.”

“Na ukasema asubiri.”

“Nilisema.”

“Kwa nini, Mzee? Nimekukosea nini? Hesabu zote ziko sawa. Hakuna siku niliyochelewa. Nina mtoto kule, ameanza tu kunizoea. Unajua aliniuliza nini wakati naondoka?”

Akamwambia. Akamalizia kwa kutazama sakafu.

Huko mbele mteja alikuwa anajaribu kitasa, akikifungua na kukifunga, tik, tak. Hatimaye Mzee akaketi kwenye kiti chake.

“Wanangu walipoondoka,” akasema, “nilijua watarudi. Nikamwambia marehemu mama yao, hawa ni vijana, waache waione dunia. Sasa wananipigia kila Jumapili. Wananiuliza, ‘Baba, hujambo?’ Nasema sijambo. ‘Kuna lingine?’ Nasema hakuna. ‘Haya.’” Akageuza kikombe polepole juu ya kisahani. “Nawe ukaanza kuniambia haya.”

Mhasibu akayasikia maneno yake mwenyewe ya miezi minne, jinsi alivyoyatupa upesi kama chenji ya mteja mwenye haraka. Kufuli za shaba. Mvua. Mzee alikuwa anajua kufuli ziko ngapi. Alikuwa ameketi mkabala nazo.

“Nilidhani unataka hesabu,” akasema.

“Hesabu nilikuwa naletewa. Hesabu zilikuja kila siku, safi kabisa, na kiti kikiwa kitupu.” Mzee akajikohoza. “Siku Fundi aliponiambia muda unakwisha, nikajiambia, acha uishe. Ukiisha atakuja. Sikufikiri zaidi ya hapo. Ndiyo akili ya uzee, inafika mlangoni inakaa chini.”

“Ungeniambia, Mzee.”

“Ningekuambia nini? Mwanamume mzima, mwenye duka, nimpigie mwajiriwa wangu nimwambie chai hainiteremki?”

Wakakaa. Hasira ya Mhasibu haikuwa imekwisha, ila ilikuwa imekosa pa kukaa. Alimtazama mzee aliyemtenganisha na mtoto wake kwa ujanja mdogo, ujanja wa mtoto, na akaona kwamba angekuwa yeye, miaka thelathini mbele, huku Kipusa akiwa nchi gani sijui, pengine angefanya vilevile au vibaya zaidi. Akakichukua kikombe chake. Chai ilikuwa tamu mno; Mzee alikuwa ametia sukari kwa kubahatisha.

“Mwite Fundi,” Mzee akasema. “Anunue leseni za mtu. Kwako, na kwa wale wa ghalani.”

Fundi alikuja alasiri hiyohiyo, bisibisi kichwani. Alipokuwa anaandika majina, Mzee akamsogelea, akauliza kwa sauti ya mtu asiyejali:

“Na mimi nikikatiwa ya kwangu, nitakuwa nawaona?”

“Utaona mafaili, Mzee. Hesabu na oda. Watu hutawaona.”

“Basi niache. Mafaili nayajua sura zao.”

Mhasibu alisikia hayo akiwa amesimama kando ya kabati. Akasema, hata kabla hajapima maneno:

“Nitakuja wiki moja kila mwezi, Mzee. Nikae hapa.”

Mzee akageuka, na mara moja akawa mfanyabiashara. “Mbili.”

“Moja.”

“Mbili, na nauli juu yangu.”

“Mzee, mtoto—”

“Moja na nusu.”

“Moja na siku mbili.”

“Haya,” akasema Mzee, kisha akajishtukia, akakunja uso. “Si haya. Nimekubali.”

Fundi akatikisa kichwa, akaendelea kuandika.

*

Ndivyo walivyoishi tangu hapo, na watu waliosikia habari zao walisema Mhasibu ana bahati, amepata huku na huku. Ilikuwa kweli. Lakini mwenye huku na huku ana kutamani kuwili. Akiwa kwa mkewe, ikifika saa nne alimpigia Mzee na kubishana naye kikombe kizima, kwa makusudi, akichokoza palipopoa. Na alipokata simu alibaki akiwaza vile mkono wa Mzee ulivyokuwa umeanza kutetemeka ukimimina, na nani atamfutia chai juu ya kabati. Akiwa dukani, kila mlango uliofunguliwa na mteja ulimfanya atazame chini, usawa wa kitasa, kama kuna kichwa.

Wiki moja ya dukani, mchana, simu ikaita. Alikuwa mkewe, anacheka, na nyuma yake kuna mtu anamgombania simu.

“Ongea na mwanao kabla hajanivunja mkono.”

“Baba! Limetoka!”

“Nini?”

“Jino!”

Mhasibu akasimama. Jino lile alilijua. Wiki nzima kabla hajaondoka walikuwa wanalitikisa pamoja asubuhi, yeye akiliwekea kidole kama anayejaribu skrubu iliyolegea, na alikuwa ameombwa, kwa kiapo, awepo.

“Limetoka lini, mama?”

“Sasa hivi. Nilikuwa nakula mkate.”

“Niwekee, nikija nilione.”

Kisha, kwa aibu kidogo: “Nimelimeza.”

Mzee, aliyekuwa amesinzia, akafumbua jicho. “Kuna nini?”

“Jino, Mzee. La kwanza. Amelimeza na mkate.”

“La mkubwa wangu lilitoka nikiwa ghalani napokea mzigo,” Mzee akasema taratibu, akiitazama dari. “Sikuliona. Aliniletea pengo.” Akafikiri. “Mwambie akuonyeshe pengo. Pengo halikai muda mrefu.”

“Kipusa, nionyeshe pengo,” Mhasibu akasema.

“Subiri.”

Picha ikayumba. Ikapita dari, ikapita doa la maji, ikapita kipande cha sare ya mama. Kisha Kipusa akafanya kile alichokifanya siku zote anapotaka kuonyesha kitu vizuri: akaiweka simu karibu mno. Skrini ikajaa weusi, na pembeni wekundu, na kitu cheupe kilichoweza kuwa jino la kando au mwanga wa dirisha.

“Umeliona?” sauti ikatoka ndani ya giza, yenye hewa mpya inayovuja katikati ya maneno.

Mhasibu aliisogeza simu, akaiinamisha, akaikinga na mwanga wa mlangoni kwa kiganja. Mzee alikuwa ameshanyanyuka na kuja kusimama nyuma yake, akinyoosha shingo.

“Bado,” akasema Mhasibu. “Usiondoe. Nalitafuta.”